Visingizio Tisa vya Kutoisikiliza Mashine

Mgeni akifika Kakamega hupelekwa msituni kutazama ndege, kisha Ilesi kutazama jiwe linalolia, kisha hurudishwa Nairobi na picha mia kwenye simu. Hakuna anayempeleka kutazama beringi. Hasara ni yake, maana kaunti hii inakula kwa vitu vinavyozunguka. Kuna Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga miwa 1973. Kuna West Kenya pale Kabras na jirani yake Butali, viwanda vya miwa pia, vyote viwili Malava. Na sokoni, kuanzia Lubao hadi Butere, hukosi kinu cha posho kinachonguruma tangu asubuhi.

Kila shafti katika orodha hiyo inatetemeka, na mara nyingi mtetemo hubadilika wiki kadhaa kabla ya kitu kuvunjika. Kuupima si uchawi. Unabandika kihisio kwenye nyumba ya beringi, unaandika namba, wiki ijayo unaandika nyingine. Ukiona inapanda, unaagiza kipuri mapema na unachagua mwenyewe siku ya kukibadilisha. Nani angekataa mpango kama huo? Wengi tu, na kila mmoja ana sababu yake. Nimezipanga kuanzia iliyo dhaifu kabisa hadi ile ambayo bado inanikosesha jibu la haraka.

9. "Ikiharibika tutajua"

Kweli, mtajua. Malava nzima itajua, na wenye matrekta watawajulisha wa Navakholo. Beringi ikifia kazini haifi peke yake: hula shafti, hupasua nyumba yake, na siku ikiwa mbaya zaidi huondoka na mota. Ulikuwa ununue kipuri kimoja, sasa unanunua vinne na kuwalipa mafundi wa usiku. Twende mbele.

8. "Hiyo ni kawaida yake, boss"

Husemwa kwa upole, mkono ukiwa juu ya mota. Kikombe cha chai kwenye meza ya karibu kinatembea chenyewe hadi ukingoni, lakini ni kawaida yake. Basi uliza: kawaida ni ngapi? Hapo patakuwa kimya, au mtu atakumbuka kuna simu alitakiwa kupiga.

Ubishi huu ulipata majibu zamani. Mwaka 1939 Mmarekani T. C. Rathbone alichapisha chati ya kupimia ukali wa mtetemo, na viwango vya kimataifa vilivyokuja baadaye vikafuata njia hiyo. Kwa mota ya kati, ya kilowati 15 hadi 75, jedwali la ISO 10816 lilisema hivi: chini ya milimita 1.12 kwa sekunde, hiyo ni kama mpya; hadi 2.8, endelea na kazi. Kati ya 2.8 na 7.1, vumilia tu mpaka upate nafasi ya kutengeneza. Juu ya 7.1, unaharibu mali. Kiwango kipya, ISO 20816, kilianza kuchukua nafasi yake 2016, ila mantiki haikubadilika.

Kuna kipengele ambacho wengi hukiruka, nacho ndicho ninachokipenda. Hata ukiwa bado eneo salama, namba ikiruka kwa zaidi ya robo ya ule mpaka wa 2.8, yaani 0.7, unatakiwa utafute sababu. Mashine iliyokaa kwenye 1.2 mwaka mzima, halafu Jumatatu ikasoma 2.1, kwenye jedwali bado ni nzuri. Lakini kuna kitu kimesogea. Anza na bolti za msingi kabla hujamwita mtaalamu wa Nairobi, kwa sababu spana haidai nauli wala posho ya kulala.

7. "Tunapaka grisi kila Ijumaa"

Hongera. Na mnapaka kiasi gani? "Mpaka itokee upande wa pili."

Hapo ndipo penye kesi. Nafasi iliyo wazi ndani ya beringi inatakiwa kujazwa theluthi moja hadi nusu. Ukiijaza yote, gololi zinabaki kukoroga grisi na joto linapanda. Na grisi ya kawaida ikishapita nyuzi 70 hivi, kila nyuzi 15 zinazoongezeka hukata umri wake nusu. Ndiyo maana kuna beringi hufa Jumatatu kwa wema wa Ijumaa. Ongeza hapo fundi mpya aliyekuta mkebe wa buluu umeisha akamalizia na wa hudhurungi, bila kuuliza kama grisi hizo mbili zinapatana.

6. "Tumebadilisha nyundo moja tu"

Hapa tuingie kwenye kinu cha posho, maana ndipo elimu yote ya mtetemo inapatikana kwa bei ya gorogoro mbili za mahindi. Ndani ya ngoma ya kinu kuna vipande bapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye pini. Ndivyo nyundo. Vinazunguka kwa kasi, vinapiga mahindi hadi yapenye chekeche. Ncha zake huisha taratibu, zote kwa pamoja, na hakuna anayelalamika. Siku moja, moja hukatika. Fundi wa jua kali anachonga mpya kutoka springi ya lori, anaitundika, anafunga mlango, anawasha.

"Fundi, mbona kinu kinaruka?"

"Mama, ni nyundo mpya hiyo. Itazoea."

Chuma hakizoei. Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme nyundo mpya imezidi zile zilizochakaa kwa gramu 20, na uzito huo uko sentimita 25 kutoka katikati ya shafti. Kinu kinazunguka mara 3000 kwa dakika. Zidisha uzito kwa umbali, kisha kwa mraba wa kasi: unapata nguvu ya karibu nyutoni 490. Hiyo ni sawa na kilo 50 zinazoivuta shafti upande mmoja, na upande huo unazunguka mara 50 kila sekunde. Gramu 20 zimezaa kilo 50! Mabati ya paa yanaanza kuimba, wateja wanahamia kwa jirani, na beringi mbili zilizoshika shafti zinabeba mzigo ambao hazikuuziwa. Beringi ya gololi ukiizidishia mzigo mara mbili, umri wake haupungui kwa nusu. Unashuka hadi moja ya nane.

Dawa yake iko hatua kumi kutoka hapo, juu ya meza ya anayeuza omena: mizani. Pima nyundo. Badilisha mbili kwa mbili, zinazotazamana, zenye uzito sawa. Kama mfuko unaruhusu, badilisha seti nzima. Kwenye viwanda vya sukari mashine ya kupasua miwa ina nyundo za aina hiyo hiyo, ila zina kilo nyingi kila moja, na miwa huja na mawe, matope, na wakati mwingine mnyororo wa trela ambao mwenyewe anautafuta hadi leo. Huko nako utasikia "moja tu". Tofauti ni kwamba sauti ya kuimba kwa paa huwafikia watu wengi zaidi.

5. "Ilikuwa imezimwa, itaharibikaje?"

Magharibi mwa Kenya tunakijua kimya cha viwanda. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB mwaka 2019, na mwishoni mwa 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group. Mwaka 2023 mamlaka ya kilimo ilisimamisha usagaji katika eneo letu kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyobaki shambani ilikuwa michanga. Watu wanadhani mitambo hulala tu wakati kama huo.

Hailali vizuri. Beringi iliyosimama imebebwa na gololi zile zile, sehemu ile ile, miezi yote. Pampu ya jirani ikiendelea kufanya kazi, mtikisiko mdogo unaopita kwenye sakafu huzisugua gololi hizo palepale zilipo hadi zichore vijishimo, vimepangana kwa nafasi ya gololi. Unyevu huingia, kutu hufuata. Rota ndefu nazo hupinda kidogo kwa uzito wake wenyewe. Siku ya kuwasha, mashine iliyozimwa ikiwa nzima inaamka ikiunguruma, na lawama anapewa aliyebonyeza kitufe.

Tiba: zungusha shafti kwa mkono kila wiki, iache mahali tofauti na ulipoikuta, andika daftarini. Alama ya rangi kwenye kapulingi, kiungo cha shafti mbili, itakuonyesha kama kweli ilizungushwa au iliandikwa tu. Ni kazi nyepesi kuliko zote kiwandani, na pengine ndiyo maana haina mwenyewe.

4. "Fundi wetu anasikia kwa bisibisi"

Heshima kwanza. Ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho yamefumbwa, vijana wameambiwa wanyamaze. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapo nje ya mji, ulifungwa 1952, na ningeweka dau kwamba hata pampu zake zilikuwa na mzee wa kuziinamia namna hiyo. Nimewaona mafundi wa aina hii wakitaja ugonjwa kabla kifaa hakijatolewa kwenye mkoba.

Tatizo la kwanza ni la maumbile. Sikio la mtu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na la fundi aliyekaa kando ya boila miaka 30 huishia chini zaidi. Beringi inapoanza kuchubuka, kelele zake za mwanzo ziko juu ya hapo. Bisibisi likishasikia, ugonjwa umekomaa.

La pili: mzee anastaafu, na anaondoka na masikio yake.

La tatu ni kwamba mashine haitoi sauti moja. Mtu wa Idakho akisikia isukuti ng'ambo ya kilima hutenganisha ngoma kubwa, ya kati na ndogo bila kuziona. Hesabu ya Fourier huufanyia mtetemo jambo hilo hilo: inachukua fujo nzima na kuigawa kuwa midundo, kila mmoja na nguvu yake. Zamani ilikuwa hesabu ya kuchosha hata kompyuta, mpaka Cooley na Tukey walipochapisha njia ya mkato mwaka 1965. Leo inafanyika ndani ya kifaa kinachoingia mfukoni.

Midundo ikishatengana, kusoma kunakuwa raha. Chukua mota ya kawaida ya stima yetu, mizunguko 1480 kwa dakika, yaani karibu 25 kwa sekunde. Mdundo mkubwa ukiwa kwenye hiyo 25, shuku uzito usiolingana: nyundo, majivu kwenye feni, pangaboi lililokatika. Ukiwa na nguvu kwenye mara mbili yake, 50, tazama kapulingi. Pengine mota na pampu hazikunyooshwa sawasawa. Giaboksi hujitaja yenyewe: idadi ya meno mara kasi ya shafti. Beringi ndiyo mjanja, maana haiangukii kwenye namba kamili. Ile ya 6205, ambayo hakuna duka la vipuri litakalokwambia imeisha, ina gololi 9. Kidonda kikiwa kwenye pete ya nje hupiga karibu mara 3.6 kwa kila mzunguko wa shafti. Kikiwa kwenye pete ya ndani, karibu mara 5.4. Kwa hiyo unajua si tu kwamba beringi inaumwa, bali inaumwa wapi, na bado hujafungua bolti hata moja.

"Lakini kifaa ni ghali." Cha kampuni kubwa, ndiyo. Ila mwanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akipewa kihisio kidogo cha ADXL345, chenye bei ya chini ya shilingi elfu moja, anaweza kupima mara 3200 kwa sekunde na kuona midundo hadi 1600. Hicho hakitagundua mchubuko wa kwanza wa beringi. Kitagundua uzito usiolingana, kapulingi iliyopinda na msingi uliolegea, yaani sehemu kubwa ya yale yanayotusumbua. Na mzee wa bisibisi asifukuzwe. Akae karibu na kijana huyo, mmoja aseme, mwingine aandike.

3. "Sisi tuna ratiba"

Hiki huja na faili, tena lenye muhuri. Kila ukarabati wa mwaka, beringi zote za pampu zinatolewa, zinawekwa mpya, ziwe zinaumwa ziwe haziumwi. Inaonekana ni bidii, na mkaguzi hufurahi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabaiolojia Mwingereza C. H. Waddington alikuwa na wenzake wakichunguza matengenezo ya ndege za Liberator zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Kila saa 50 za kuruka, ndege ilikaguliwa. Mtu angetegemea hitilafu zipungue mara baada ya ukaguzi. Zilipanda. Kisha zikashuka polepole kadiri ndege ilivyoachwa iruke. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta magonjwa. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United wakaandika ripoti iliyotikisa fani nzima: asilimia 89 ya vifaa walivyochunguza havikuwa na umri wa kuchakaa ambao ungefaa kuwekewa tarehe ya kubadilishwa.

Sasa rudi Kakamega, tazama beringi mpya inavyoingizwa. Karatasi imefunguliwa juu ya sakafu yenye vumbi la makapi ya miwa. Badala ya kuipasha joto itanuke na kuteleza yenyewe, inapigwa kwa nyundo na kipande cha bomba, na bomba limekaa kwenye pete isiyostahili, kwa hiyo kila pigo linapita kwenye gololi. Ile iliyotolewa ilikuwa na miaka mingine mitano. Hii imeanza maisha ikiwa na vidonda, ila kwenye faili imewekewa alama ya vema.

Ratiba ina mahali pake. Nyundo za kupasulia miwa huisha kwa saa za kazi, hizo zipangie tarehe. Feni na pampu ziulizwe zenyewe kwanza.

2. "Kinu chenyewe kinazunguka polepole, hakuna cha kupima"

Anayesema hivi amesoma, nami namvulia kofia nusu. Roli za kukamulia miwa huzunguka mara 4 hadi 6 kwa dakika. Kwa mizunguko 5, roli humaliza duara moja kwa sekunde 12, na kihisio cha kawaida hakioni kitu kinachokwenda taratibu hivyo. Tena roli hizo hazikai kwenye gololi, hukaa kwenye vikalio vya shaba. Kwa hiyo mtetemo hapo hausaidii sana. Pima joto la vikalio, na peleka mafuta maabara: shaba ikiongezeka ndani ya mafuta, imetoka mahali fulani, na si mbinguni.

Nusu nyingine ya kofia nabaki nayo. Roli haijizungushi. Nyuma yake kuna tabaini au mota inayokwenda kasi, na giaboksi inayoipunguza kasi hiyo hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo zinapimika vizuri kabisa, na giaboksi ya kinu haiuzwi mjini. Ikipasuka unasubiri meli. Ila pima wakati kinu kimeshiba miwa kama wiki iliyopita, la sivyo utalinganisha kinu chenye njaa na kilichoshiba.

1. "Nani atasaini kuizima?"

Hiki ndicho. Vyote vilivyotangulia ni nguo zake.

Saa nane usiku. Feni ya kunyonya moshi wa boila ilisoma 3 jioni. Sasa inasoma 8. Pengine majivu yaliyoganda kwenye mapanga yamebanduka upande mmoja. Pengine ni panga lenyewe. Namba ipo, wazi, kwenye kioo. Feni ikizimwa, boila inazimwa. Boila ikizimwa, mvuke hakuna, na mvuke ndio unaozungusha vinu na jenereta. Mumias ilipofunga mtambo wa umeme wa megawati 38 mwaka 2009, megawati 26 zilikuwa za kuuzwa kwenye gridi ya taifa. Mahali penye mpango kama huo, kuzima ni kukata hata mauzo ya stima. Nje kuna foleni ya trela. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari, na unatakiwa usagwe ndani ya saa 48 hivi. Mwenye muwa huo ameungoja mwaka na nusu au zaidi, na ada ya shule haingoji feni.

Injinia wa zamu anajua hesabu nyingine ambayo haiko kwenye jedwali la ISO. Akizima, wakafungua, wakakuta ni majivu tu ya kukwangua kwa saa mbili, asubuhi ataulizwa kwa jina: ni nani alizima kiwanda kwa ajili ya majivu? Asipozima, feni ikasambaratika saa kumi na moja alfajiri, ripoti itaandika kwamba mashine imeharibika. Mashine haina jina. Haiitwi ofisini. Kwa hiyo anampigia meneja, meneja anauliza, "Wewe unaonaje?", naye anajibu, "Mimi nasubiri neno lako, mkubwa," na feni inaendelea kuzunguka huku wawili hao wakiheshimiana.

Kihisio cha bei yoyote hakitibu hilo. Kinachohitajika ni karatasi moja iliyoandikwa mchana, kila mtu akiwa ameshiba na hana hasira: kwa feni hii, ikifika namba hii tunapunguza mzigo, ikifika namba hii tunazima, na aliye zamu haombi ruhusa wala haulizwi kesho. Ibandikwe kwenye chumba cha udhibiti, kando ya kalenda ya wauza mafuta, na chini yake isainiwe na meneja mwenyewe. Akisema ataisaini baada ya msimu, angalau tutakuwa tumejua kisingizio namba moja ni cha nani.